Siku Tatu Mlimani na Vijana wa Bwera

Ijumaa ni siku ya soko Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, na muuza mitumba akifunga kibanda siku ya soko watu hudhani kafiwa. Watu watano waliniuliza kabla jua halijatoka. Wote niliwajibu hivyo hivyo: nawapeleka watoto mlimani. Mama mmoja anayevuka kutoka Kasindi kununua sweta kwangu alinitazama kutoka juu hadi chini, macho yakatua kwenye gambuti nilizovaa. "Mama, huko mlimani mmepoteza nini?"

Simlaumu. Sisi wa Bwera tunaamka na Rwenzori mbele ya macho na tunalala nayo, lakini wanaoipanda ni wageni. Mtu wa kwetu akipanda, mara nyingi amebeba mzigo wa mgeni. Baba yangu alikuwa mpagazi. Alibeba kwa kamba inayopita kwenye paji la uso, mzigo ukilala mgongoni, na ile kamba ilimwachia mkunjo juu ya nyusi ambao haukufutika hata alipozeeka. Nilipokuwa mdogo, mlima kwangu ulikuwa ule mkunjo, na sukari aliyotuletea siku ya malipo.

Mwaka jana binti yangu wa miaka 15 alikuwa akikariri somo la jiografia jikoni. Akaitaja milima sita mikubwa ya safu yetu: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi, Luigi di Savoia. Kisha akaniuliza, "Mama, babu alipanda upi?" Sikuwa na jibu. Baba alishafariki, na sikuwahi kumuuliza.

Majina yale sita yana historia yake. Stanley, yule mpelelezi, aliandika habari za theluji ya huku mwaka 1888. Mwaka 1906 akaja mwanamfalme Mwitalia, Luigi Amedeo wa Abruzzi, akafika kilele cha juu kabisa, chenye mita 5,109, akakipa jina la malkia wao, Margherita. Mizigo ya msafara wake ilibebwa na Bakonzo, watu wetu, mpaka kambi ya Bujongolo chini ya mwamba. Kabla ya wote hao wazee wetu walikuwa wakiuita mlima huu Rwenzururu, mahali pa theluji, na juu huko ndiko wanakojua kwamba anakaa Kitasamba, mwenye mlima. Mambo haya nilimweleza binti yangu usiku ule, nikaona haya kwamba nayasimulia kama mtu aliyeyasikia redioni. Hapo ndipo safari ilipoanza.

Theluji hatukuifuata. Mzunguko wa kati unaopita chini ya vilele huchukua kama siku 7, na kwenye barafu unahitaji kamba, vyuma vya viatuni na fedha ambayo sina. Lakini kuna Nyabitaba. Ni kibanda cha kwanza kwenye njia hiyo, kiko mita 2,651 juu ya usawa wa bahari, na unakifikia kwa mwendo wa siku moja kutoka lango la Nyakalengija, kilomita kama 22 kutoka Kasese mjini. Ijumaa unapanda, Jumamosi unatembea huko juu, Jumapili unashuka. Jumatatu watoto wako darasani.

Tulikuwa watu wazima watatu: mimi, rafiki yangu muuguzi, na rafiki yetu mwalimu. Vijana walikuwa watano, wa miaka 13 hadi 17. Mmoja ni mtoto wa dada yangu anayeishi Kasindi, ng'ambo ya mto Lhubiriha, upande wa Kongo. Huyu huniita mama mdogo na hubishana nami kuliko watoto wangu wa kuwazaa. Katika hifadhi ya Rwenzori hakuna ruhusa ya kuingia bila kiongozi, kwa hiyo tulichukua mmoja, mzee wa Ibanda mwenye mvi, na mpagazi mmoja wa sufuria na chakula. Mabegi yao vijana wangebeba wenyewe. Juu ya hilo sikukubali mjadala.

Sasa niseme kuhusu mavazi, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Ukifungua robota la mitumba utakuta nguo za baridi ambazo Kasese hakuna anayezitaka, kwa sababu kwetu chini ni joto. Huuzwa bei ya kutupa. Zitafute hizo. Sweta ya sufu, hata ikiwa na tundu kwenye kiwiko, hukupa joto hata ikilowa. Lile koti jepesi lenye manyoya mafupi, lililofumwa kwa nyuzi za plastiki, ukilikamua hukauka upesi. Suruali ya jinzi iache nyumbani, na fulana ya pamba uilete ya kulalia tu. Pamba ikishika maji haiyaachii, na huufyonza mwili joto mpaka meno yagongane. Koti la mvua lijaribu pale pale kibandani: mimina maji kidogo kwenye bega, subiri, kisha pitisha mkono kwa ndani. Wateja wangu hucheka nikifanya hivyo. Wakifika kwenye mvua ya Rwenzori, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, watanikumbuka.

Na viatu? Kwenye tope la huku gambuti hushinda viatu vya bei kubwa, ndiyo maana viongozi wenyewe huzivaa. Vaa soksi mbili, na kucha uzikate siku mbili kabla, la sivyo wakati wa kushuka zitakuadhibu.

Mabegi tuliyapima Alhamisi jioni kwenye mizani ya kahawa ya jirani. Muuguzi alikuwa ametuambia mtoto asibebe zaidi ya moja ya tano ya uzito wake. Mwenye kilo 50 abebe 10, basi. Begi la mwanangu wa Kasindi lilisoma kilo 17! Tukalimwaga kwenye turubai. Kulikuwa na blanketi la kitandani, chupa tatu za maji ya nanasi, spika ya muziki, pasi ya mkaa (aseme nani anapiga pasi msituni), na mihogo mibichi ambayo mama yake alisema ni ya njiani. Tulitoa, tukabishana, tukatoa tena. Lilipofika kilo 9 alilivaa, akazunguka uwanja mara mbili, akasema, "Mama mdogo, sasa naweza kupumua."

Namna ya kupanga ni hii. Kwanza tandika mfuko mkubwa wa plastiki ndani ya begi. Nguo za kulalia na blanketi jepesi ziende chini kabisa, zimefungwa katika mfuko wao wa plastiki. Vitu vizito kama unga, maharage na maji viwe katikati, vikigusa mgongo, usawa wa mabega. Koti la mvua likae juu kabisa, maana mvua haisubiri ufungue kamba. Mkanda wa kiunoni ukaze mpaka uzito ukae kwenye nyonga, kisha ndipo uvute mikanda ya mabega. Begi lisilo na mkanda wa kiunoni lishonee, kama nilivyoshonea mawili kwa vipande vya mkanda wa gari.

Tuliondoka Bwera saa kumi na mbili. Barabara inaandamana na Ikweta, inakatiza hifadhi ya Queen Elizabeth hadi Kikorongo, kisha inapinda kaskazini kwenda Kasese. Saa nne tulikuwa Nyakalengija tunaandikisha majina kwenye kitabu. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiwango cha chini kuliko cha mgeni anayelipa dola, kwa hiyo beba kitambulisho. Nilipomwona binti yangu anaandika jina lake katika kitabu kile, chini ya majina ya Wajerumani na Waingereza, na kwenye nafasi ya mahali atokako akaandika Bwera kwa herufi kubwa, ilibidi nigeuke nitazame pembeni.

Njia huanza kwenye mashamba ya kahawa na mihogo, halafu inaingia msituni kuufuata mto Mubuku. Saa mbili za kwanza ni za kucheka na kupiga picha. Ukishavuka mto Mahoma mlima unaanza kudai chake: mwinuko mkali, mawe yenye utelezi, mizizi, na jani linaloonekana kama kishikio lakini ukilishika linang'oka. Kiongozi alitembea polepole mno, mpaka vijana wakanung'unika. "Wajukuu," akasema bila kugeuka, "kama huwezi kuongea huku unatembea, unakimbia." Baada ya nusu saa walionung'unika walikuwa wamenyamaza, na mzee alikuwa bado anaongea.

Kwenye shina moja alisimama, akanyoosha kijiti. Kinyonga mwenye pembe tatu alikuwa amekaa, kijani chenye madoa ya kutu, jicho moja linatutazama na jingine linatazama huko aendako. Kwetu kinyonga huogopwa. Mtoto wa miaka 13 alisogea hatua kwa hatua mpaka pua yake ikawa shubiri moja kutoka kwenye zile pembe, akakaa hapo dakika nzima akihesabu kwa sauti ndogo vidole vya mguu wake: viwili huku, vitatu huku.

Mvua ilitukuta saa nane. Mtoto huyo huyo mdogo ndiye alinitia hofu. Tulipofika Nyabitaba saa kumi na moja alikuwa kimya, amejikunyata pembeni, anatetemeka. Nilipomuuliza alijibu kwa maneno ya kuvuta, kama mlevi. Hakuwa ametandika plastiki begini. Nguo zake zote zilikuwa zimelowa, akaona aibu kusema. Muuguzi hakupoteza muda: nguo mbichi zote nje, sweta yangu ya sufu mwilini, kofia kichwani, chai ya sukari nyingi kidogo kidogo, na dada wawili wakamweka katikati yao ndani ya blanketi moja. Kutetemeka ni mwili unapigana. Mtu akiacha kutetemeka na bado ana baridi, au akianza kujikwaa na kuchanganya maneno, hapo ni hatari ya kufa, na haihitaji theluji kufika hapo. Kila mita 1,000 unazopanda hupunguza kama digrii 6. Usiku ambao Bwera ina digrii 20, Nyabitaba ina 10, na mtu aliyelowa huziona 10 hizo kama friji. Baada ya saa moja mtoto aliomba bundu, ugali wetu wa mihogo, na maharage. Nilijua amerudi.

Usiku pelele walilia msituni. Asiyewahi kuwasikia atadhani mtu anachinjwa: mkoromo, kisha yowe linalopanda ngazi kwa ngazi. Wavulana wawili walioapa kulala nje walihamia ndani na magodoro yao.

Jumamosi tuliacha mabegi, tukashuka mpaka kwenye daraja karibu na mahali mto Bujuku unapoingia Mubuku. Maji yalikuwa meupe kwa nguvu, mazungumzo hayawezekani ila kwa kupaza sauti. Hapo mzee akawaambia vijana jambo ambalo shuleni huwa ni tarakimu. Maji haya hushuka yakazungusha mitambo ya umeme, yakanywesha mashamba ya mpunga ya Mubuku, yakaishia ziwa George. Barafu iliyo juu yake, ambayo mwaka 1906 ilikuwa zaidi ya kilomita za mraba 6, mwanzoni mwa karne hii ilikuwa imebaki chini ya 1. Na mto jirani, Nyamwamba, ndio uliofurika Mei 2013 na tena Mei 2020, ukaibomoa Kilembe na hospitali yake. Mwanangu wa Kasindi, yule mbishi, aliuliza kama maji ya kwao nayo hutoka huku. Mzee akaonyesha kusini, akasema mlima ni mmoja, mpaka uliwekwa na watu.

Usiku wa pili, karibu na moto, nilimuuliza mzee kama wapagazi wa zamani walikuwa wakilala hapa. Akaniambia walilala chini ya mawe, na sufuria ilikuwa moja. Halafu akaniuliza jina la baba yangu. Kwetu jina husema umezaliwa wa ngapi, ukiita Bwambale sokoni watageuka watu kumi, kwa hiyo nilitaja pia kijiji na ile kamba ya paji la uso. Alifikiri kwa muda mrefu. Hakumkumbuka. Lakini alimgeukia binti yangu, akasema kila mpagazi aliyekwenda kwenye theluji kwa njia hii alipita kwenye ukingo huu, hakuna njia nyingine. Asubuhi nilimkuta binti yangu amesimama peke yake nje, begi mgongoni, anatazama vilele vya Portal vikitoka kwenye ukungu.

Wakati wa kushuka tumieni fimbo, fupisheni hatua, na msikimbie. Magoti mengi huumia kwenye kushuka. Tulifika lango saa nane mchana. Malengelenge yalikuwa manne, jumla, katika miguu kumi na sita.

Mzazi wa Kasese, wa Bwera, wa Kisinga: likizo ya Desemba huangukia miezi yenye mvua kidogo, kuanzia Desemba hadi Februari. Uliza kwanza ofisi ya hifadhi kuhusu hali ya njia na usalama, chukua kiongozi, na umlipe vizuri. Mtoto abebe lake. Mabegi matano tuliyoyatumia yametundikwa ukutani kwangu, pamoja na gambuti za namba ndogo. Siyauzi. Anayetaka kuazima aje Mpondwe Jumanne au Ijumaa, aje na mtoto mwenyewe nimpime.