Pikipiki ya zamani: ipi inafaa kwa safari ndefu?

Kila majira ya joto yanapokaribia nchini Uingereza, pikipiki zilizoundwa miaka ya 1960 na 1970 hutolewa mabandani na kurejeshwa barabarani. Wanunuzi wengi huvutiwa na umbo na mlio wake. Lakini anayekusudia kwenda nayo kazini, na kusafiri nayo mamia ya kilomita siku za mapumziko, hana budi kutazama mengi zaidi.

Sheria inasemaje?

Chombo kilichotimiza umri wa miaka 40 huweza kusamehewa kodi ya barabara, iwapo mwenyewe ataomba. Tangu Mei 2018, vyombo vingi vya umri huo havilazimiki tena kukaguliwa kila mwaka, mradi havikufanyiwa mabadiliko makubwa.

Hata hivyo, nafuu hiyo ina hatari yake: breki zikiwa mbovu, hakuna mkaguzi wa kuzigundua. Mwendeshaji wa chombo kisicho salama anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 2,500. Ni busara kuipeleka kukaguliwa kwa hiari.

Ipi ichaguliwe?

Triumph Bonneville ya sentimita za ujazo 650, iliyoanza kuuzwa mwaka 1959, ni nyepesi, na vipuri vyake vingali vinapatikana. Kasoro yake ni mtikisiko: silinda zake mbili hupandisha na kushusha pistoni kwa pamoja, jambo linalochosha mikono katika safari ndefu.

Norton Commando ya mwaka 1967 ilipunguza adha hiyo kwa kuishikiza injini kwenye mipira maalumu. Mipira hiyo ikichakaa, pikipiki huyumba.

Mwaka 1969 Honda CB750 ilileta silinda nne, kuwashwa kwa umeme na breki ya diski mbele, ingawa ni nzito zaidi. Mwaka huo huo BMW ilitoa R75/5, ambayo pia huwashwa kwa umeme na hutumia shafti badala ya mnyororo. Msafiri mwenye mizigo hahitaji kukaza mnyororo njiani, na silinda zake zilizotokeza ubavuni humrahisishia fundi kazi.

Kabla ya kulipa

Nambari za fremu na injini zilinganishwe na hati ya usajili. Injini iwashwe ikiwa baridi, kwani iliyokwisha pashwa moto huficha ugonjwa. Moshi wa buluu huashiria kuwa inaunguza oili. Tairi nazo zisomwe tarehe: nambari 1219 maana yake ni wiki ya 12 ya mwaka 2019. Mpira wa zamani hukakamaa hata kama kashata zake hazijaisha.

Mafuta nayo ni suala. Tangu Septemba 2021, petroli ya kawaida nchini humo huwa na ethanoli ya hadi asilimia 10, inayoweza kuharibu mipira na matangi ya zamani ya faibaglasi. Petroli ya daraja la juu, yenye ethanoli isiyozidi asilimia 5, ni salama zaidi.

Mnunuzi asimalize fedha zote kwenye bei: breki, tairi na nyaya za umeme ndizo zitangulie kutengenezwa, rangi ifuate baadaye.