Vidonge Viwili Havitoshi



Kila mara mmoja wetu anaposhikwa na homa, shauri ni lile lile: "Nunua amoksisilini mbili, itapita." Sisi viongozi wa wanafunzi tumeona vema kueleza ubaya wa shauri hilo, hata kama linatolewa kwa roho nzuri.

Kwanza, homa si ugonjwa mmoja. Huku kwetu Obokote malaria ni nyingi, na amoksisilini haiui mdudu wa malaria hata kidogo. Mafua nayo yanaletwa na virusi, haiviwezi. Kazi ya antibiotiki ni kuua bakteria.

Pili, tumboni mwa kila mtu mnaishi bakteria wengi wasio na ubaya. Dawa ikiingia, wale dhaifu wanakufa. Wachache wenye kuivumilia wanabaki, wanazaana, tena wanaweza kuwapa bakteria wengine nguvu ile. Kisha wanapita chooni na katika maji, wanamfikia jirani ambaye hakumeza kidonge hata kimoja.

Haya si mambo ya mbali. Kuanzia mwaka 2007 watafiti wa INRB ya Kinshasa pamoja na wenzao walipima damu ya wagonjwa wa sehemu mbalimbali za inchi, hata Kisangani, kule mto wetu unakoshukia. Walikuta salmonela wengi, yaani bakteria wa homa ya tumbo na ndugu zao, wasiosikia tena ampisilini, kloramfenikoli wala kotrimoksazoli. Ndizo dawa ambazo wazazi wetu walizitegemea. Sasa inabidi kutafuta nyingine, na mara nyingi zina bei kali.

Mtu atauliza: na mwenye kukosa franka je? Ni swali la haki. Wengi wananunua viwili kwa sababu ya mfuko, si kwa ujinga. Basi tunaomba kila darasa liwe na kisanduku cha mchango. Mwenye homa apimwe damu kwanza. Mganga akiandika antibiotiki, inunuliwe yote, imezwe kwa saa na siku alizoandika. Mwenzako asipewe mabaki. Na maji ya kunywa tuyachemshe, mikono tuioshe kwa sabuni, maana ugonjwa usioingia hauombi dawa.

Siku moja mmoja wetu atapata homa ya tumbo ya kweli. Siku ile dawa ikutwe ingali na nguvu.

Viongozi wa wanafunzi, mwaka wa mwisho