Gari la Nyumbani na Gari la Kigeni: Lipi la Kutegemewa?

Utangulizi

Si ajabu kuwasikia Wakenya wakibishana, ndani ya matatu au nje ya gereji, kuhusu magari yapi yanastahili kuaminiwa: yale yaundwayo nyumbani au yale yaletwayo kutoka ng'ambo. Mmoja atalisifu gari la Kijapani kana kwamba ni nduguye wa toka nitoke. Mwingine atalikumbuka Peugeot la babake lililobeba abiria, magunia na mbuzi miaka nenda miaka rudi. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba mjadala huo, ingawa ni mtamu, aghalabu huanza kwa swali lisilo sahihi. Hoja yetu ni kwamba, hapa Kenya, kutegemeka kwa gari hakutokani sana na jina lililobandikwa kwenye boneti. Hutokana na umbali uliopo kati ya gari lililoharibika, fundi awezaye kulitengeneza, na kipuri anachokihitaji fundi huyo.

Kabla ya kuendelea, ni vyema sisi tulio wanafunzi wa lugha tuyapambanue maneno. Katika mazungumzo ya kila siku sifa tatu huchanganywa. Gari imara ni lile lisilovunjika upesi likikutana na mashimo. Gari linalodumu ni lile linaloishi miaka mingi, hata kama kila mwezi limo gerejini. Gari la kutegemewa ni lile ambalo mwenyewe akiliwasha alfajiri anajua kwamba jioni atakuwa amefika alikokusudia. Msomaji aliyewahi kusafiri kwa gari kuukuu la mashambani atakubaliana nami kwamba gari laweza kudumu miaka thelathini bila kutegemeka hata wiki moja.

Gari lipi ni la nyumbani?

Kwa maana finyu kabisa, gari la nyumbani ni lile lililobuniwa na kuundwa na Wakenya. Jaribio mashuhuri ni Nyayo Pioneer. Mnamo mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, hata likiwa baya la sura na la mwendo wa pole. Magari 5 ya majaribio yaliundwa, yakaonyeshwa hadharani mwaka 1990, na yaliweza kufikia kasi ya kilomita 120 kwa saa. Kampuni ya Nyayo Motor Corporation ilianzishwa ili iyatengeneze kwa wingi, lakini fedha zikakosekana na mradi ukakwama. Wapo wanaoutumia mkasa huo kudai kwamba gari la Kenya haliaminiki. Dai hilo halina mashiko. Gari ambalo halikuuzwa kwa mtu yeyote, likabeba mizigo yake na kuchakaa mikononi mwake, haliwezi kusemwa kuwa linategemeka wala kwamba halitegemeki.

Kwa maana pana zaidi, gari la nyumbani ni lile linalounganishwa humu nchini. Tangu miaka ya 1970 viwanda vya Nairobi, Thika na Mombasa vimekuwa vikipokea magari yakiwa vipande, yakiwemo injini na giaboksi kutoka ng'ambo, kisha kuviunganisha. Baadhi ya vitu, kama betri, springi na viti, vimekuwa vikitengenezwa hapa hapa. Malori mengi yenye jina la Isuzu yaonekanayo barabarani yametoka katika kiwanda cha Nairobi kilichojulikana zamani kama General Motors, na ambacho kimeitwa Isuzu East Africa tangu mwaka 2017. Matatu kubwa za abiria zina utata zaidi: jina ni la Kijapani, chesisi imeunganishwa Nairobi, na bodi yote, kuanzia viti hadi michoro ya ubavuni, ni kazi ya mafundi wa Kenya. Je, hilo ni gari la kigeni? Hata lile Peugeot 504 ambalo wazee wetu hulisifu kama gari la Kifaransa liliunganishwa na Wakenya kwa miaka mingi.

Jinsi jina linavyopotosha

Mfano ulio wazi kuliko yote wa udanganyifu wa jina unatoka Marekani, nchi ambako mjadala huu umewahi kuwa mkali kuliko hapa kwetu. Katika miaka ya 1980 Wamarekani wengi waliamini, na si bila sababu, kwamba magari ya Kijapani yalikuwa na hitilafu chache kuliko yao. Mwaka 1982 kampuni ya General Motors ilikifunga kiwanda chake cha Fremont, California. Mwaka 1984 kilifunguliwa upya kwa ubia na Toyota. Wafanyakazi wengi walikuwa walewale wa zamani. Kilichobadilika ni utaratibu wa kazi, ikiwemo ruhusa ya mfanyakazi wa kawaida kuusimamisha mstari mzima wa uundaji akiona kasoro. Ubora ulipanda mno.

Lakini lililo muhimu zaidi kwa hoja yetu ni hili. Kiwanda hicho kilitoa Toyota Corolla na gari jingine lililouzwa kwa jina la Kimarekani, mwanzo likiitwa Chevrolet Nova, baadaye Geo Prizm. Chini ya bodi yalikuwa karibu gari lile lile, yakiundwa na mikono ile ile. Hata hivyo, Corolla lililokwishatumika lilithaminiwa kwa bei ya juu kuliko pacha wake. Mnunuzi alilipia sifa ya jina. Ubia huo ulikwisha mwaka 2010, na waliokuwa wamenunua Prizm kwa bei nafuu hawakuwa na sababu ya kujuta.

Huku kwetu sifa za magari zilijengwa kwa njia nyingine: mashindano ya Safari Rally. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, yalianza magari zaidi ya 80, yakamaliza 7 tu, na mara zote mbili mshindi alikuwa akiendesha Peugeot 404. Baadaye Shekhar Mehta alishinda miaka 4 mfululizo, 1979 hadi 1982, akiendesha Datsun. Haya ni mambo ya kujivunia, ila ushahidi wake una walakini: gari la mashindano hufuatwa na mafundi wenye vipuri njia nzima. Mkulima hafuatwi na mtu.

Lori la mjomba

Mjomba wangu hulima na kununua viazi Kinangop, akavipeleka Marikiti jijini Nairobi. Mwaka 2016 alichukua mkopo katika chama cha ushirika akanunua lori kuukuu lililoagizwa kutoka Uingereza. Wasioijua biashara hiyo wangemcheka, lakini lori jipya lililounganishwa hapa nchini lilikuwa ghali kuliko uwezo wake, na lile la Uingereza lilikuwa na nguvu na limetunzwa vizuri. Kwa miezi saba halikumsumbua. Kisha likazimika karibu na Kimende likiwa limejaa magunia.

Injini ilikuwa nzima. Fundi aliyeitwa alishinda chini yake saa nne, akatoka akijipangusa mikono: "Mzee, hili linataka kompyuta, na mimi ninayo spana." Hatimaye iligunduliwa kwamba kihisio kidogo cha mfumo wa mafuta kimekufa. Dukani Nairobi hakikupatikana; kikaagizwa ng'ambo, kikachukua siku 19. Viazi vilihamishiwa kwenye lori la kukodi, faida ikaliwa na kodi hiyo, na mkopo ukaendelea kudai. Muhula huo binamu yangu alirudishwa nyumbani mara mbili kwa ajili ya karo.

Jirani yake alikuwa na lori la Kijapani lililounganishwa Nairobi, kongwe kuliko lile la mjomba. Mwezi huo huo lilivunjika springi, kisha klachi ikaisha. Kwa hesabu ya kitakwimu hizo ni hitilafu mbili dhidi ya moja, na lori la mjomba ndilo lililo bora. Hivyo ndivyo J.D. Power ya Marekani inavyopima: huhesabu matatizo katika kila magari 100. Kipimo hicho kinafaa mahali ambapo kila tatizo hutatuliwa kwa siku moja. Jirani alipata springi Njabini na klachi Kirinyaga Road, na kila mara lori lilirudi kazini kesho yake. Amepoteza siku 2, mjomba amepoteza 19.

Tukilitazama jambo hili hivyo, hata sifa kubwa ya magari madogo ya mtumba kutoka Japani inaeleweka vizuri zaidi. Ni kweli yameundwa vizuri. Ni kweli pia kwamba Japani hulazimisha ukaguzi wa mara kwa mara wenye gharama, hivyo wenye magari huyauza yangali na uhai, na sheria yetu hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka 8. Lakini Probox lingekuwa moja tu nchini lisingesifiwa na yeyote. Linasifiwa kwa kuwa yapo maelfu, na kila kituo cha biashara kina kijana anayelijua kama anavyoujua mkono wake.

Mjomba aliliuza lori lile mwaka 2019. Alipokwenda kutafuta jingine hakuanzia kwa wauzaji. Alizunguka gereji za Njabini na Engineer siku nzima akiuliza swali moja: "Hili likinifia hapa, spea yake iko wapi?"