Santuri Zilizokwama Ghalani

Ukipita mjini ukasikia wimbo mmoja unapigwa katika kila duka na kila basi, usidhani kwamba huo ndio wimbo bora wa mwaka. Huenda ni mzuri kweli, lakini lililo hakika ni moja tu: kwamba umefika. Nyingine njema hazikufika. Leo nataka kukupa habari za santuri za namna hiyo, za vijana wanne wa mji wa Memphis, Marekani.

Muziki wao huitwa pawa popu. Jina hilo lilitoka kwa Pete Townshend, mpiga gita wa bendi ya The Who ya Uingereza, mwaka 1967. Maana yake si ngumu. Chukua wimbo mtamu, wa dakika tatu hivi, wenye sauti mbili tatu zinazopatana kama kwaya iliyofundishwa vizuri, kisha uupige kwa magita makali ya umeme na ngoma zisizo na haya. Wazee watasema ni kelele. Wasikilize kwanza.

Vijana hao walikuwa Chris Bell, Alex Chilton, Andy Hummel na Jody Stephens. Walianza mwaka 1971, wakarekodi katika studio iitwayo Ardent. Jina la bendi, Big Star, yaani Nyota Kubwa, walilitwaa kwenye duka la vyakula lililokuwa karibu na studio. Santuri yao ya kwanza, ya mwaka 1972, wakaiita #1 Record, ndiyo kusema santuri iliyoshika namba moja. Loo! Lakini Chilton hakuwa mgeni wa mambo hayo, kwani mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 16 tu, aliimba "The Letter" pamoja na The Box Tops, na wimbo huo ukashika namba moja Marekani nzima.

Waandishi wa magazeti waliisikiliza santuri hiyo wakaisifu. Hata hivyo, mtu akienda dukani kuiulizia, haipo. Kampuni ya Stax, iliyokuwa na kazi ya kuisambaza, ilikuwa hodari katika muziki wa soul, wala haikuwa na njia nzuri ya kufikisha muziki wa namna hii madukani. Mwaka huo huo Stax ikapatana na kampuni kubwa ya Columbia iwasambazie mali yao. Mapatano yakaharibika, na santuri ya pili, Radio City ya mwaka 1974, nayo ikakwama ghalani. Ya kwanza haikuuza hata nakala 10,000. Ya tatu ilirekodiwa mwaka 1974 ikakaa mpaka 1978 ndipo ikatolewa. Basi wasikilizaji hawakuikataa bendi hii. Hawakuulizwa.

Aliyeumia zaidi ni Chris Bell. Yeye ndiye aliyeianzisha bendi, naye aliihangaikia kila sauti ya santuri ile ya kwanza. Ilipokosa kuuzwa, alitoka kabla mwaka 1972 haujaisha, akiwa na huzuni nzito. Baadaye alishika sana imani ya Kikristo. Katika santuri ile umo wimbo wake "Try Again", nao kwa kweli ni sala: mtu anamwambia Bwana kwamba amejaribu kuishi vema, ameshindwa, naye atajaribu tena. Hauna kelele hata kidogo. Niliwasikilizisha vijana wa kwaya yetu, wakaniuliza umo katika kitabu gani cha nyimbo.

Bell akarudi kufanya kazi katika mkahawa wa baba yake. Mwaka 1978 Chris Stamey, mwanamuziki kijana aliyeupenda mno muziki wa Big Star, alimtolea santuri ndogo kwa kampuni yake mwenyewe, ndogo vilevile. Upande mmoja ni "I Am the Cosmos", na upande wa pili "You and Your Sister", ambamo Chilton, mwenzake wa zamani, anamwitikia. Hiyo ndiyo santuri pekee ya jina lake aliyoiona kwa macho. Tarehe 27 Desemba mwaka huo, siku mbili baada ya Noeli, alikufa katika ajali ya gari. Alikuwa na miaka 27. Nyimbo zake nyingine zilikusanywa zikatolewa mwaka 1992.

Chilton naye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, alikuwa akiosha vyombo katika mkahawa huko New Orleans. Wakati huo santuri zile chache zilikuwa zikipita mkono kwa mkono. Mwaka 1986 akina dada wa bendi ya The Bangles waliuimba upya wimbo wake "September Gurls". Mwaka uliofuata The Replacements wakatunga wimbo wenye jina lake. Tena mwaka 1993 wanafunzi wa redio ya Chuo Kikuu cha Missouri walithubutu kuwaalika Chilton na Stephens wapige tena kwa jina la Big Star. Wakakubali! Chilton na Hummel walifariki wote wawili mwaka 2010, Chilton mwezi Machi na Hummel mwezi Julai.

Labda utauliza, muziki uliofichika hutafutwaje? Mimi ni karani wa parokia, nimezoea kusoma majina madogo katika vitabu vya ubatizo: nani mzazi, nani msimamizi. Muziki nausoma vivyo hivyo. Tazama nani alirekodi, nani aliitikia, kisha ufuate jina hilo liendako. Siku hizi simu itakupeleka mbali, mradi usiiache ikuchagulie yenyewe, maana itakurudisha kwenye wimbo ule ule wa basini.

Majuzi nimefikishwa Zion, yaani Sayuni, mji wa Illinois ulioanzishwa mwaka 1901 na mhubiri John Alexander Dowie. Huko ndugu wawili, Jeff na John Murphy, pamoja na wenzao wa bendi ya Shoes, walirekodi Black Vinyl Shoes ya mwaka 1977 sebuleni, kwa mashine ya kanda, sauti zao zikiwa za chini kana kwamba wanaogopa kumwamsha jirani. Nimekwisha kusikiliza nusu. Iliyobaki ni ya Jumapili baada ya Misa, nikishavifunga vitabu.