Faya plesi ya mkoloni isikutie aibu sebuleni!

Ukipanga Uzunguni pale Arusha, au ukibahatika kupata nyumba ya zamani Lushoto, Iringa ama Mbeya, sebuleni hukosi kukuta shimo jeusi ukutani. Matofali yamechakaa, masizi yamepanda hadi karibu na dari. Ndiyo faya plesi hiyo, meko ya kuotea moto, waliyotuachia Wajerumani na Waingereza.

Watoto wa mjini wakishahamia, kitu cha kwanza wanaisukumia kabati la televisheni. Wengine wameigeuza stoo ya viatu. Jamani! Kitu kama hicho ukikipa shavu kidogo, sebule inakuwa bomba, na wala huhitaji mshahara wa bosi. Muombe tu mwenye nyumba ruhusa kwanza, usije ukaleta soo.

Anza kwa kuchungulia dohani. Washa kipande cha gazeti (la wiki iliyopita, sio hili!) uone moshi unaelekea wapi. Ukipanda juu, mambo poa. Ukikurudia usoni, ujue humo ndani ndege wamejenga, au nyuki wamehamia bila kulipa kodi. Tafuta fundi azibue, halafu aweke wavu wa waya juu.

Pili, masizi. Yasugue kwa brashi kavu kwanza, ndipo uje na maji ya moto na sabuni ya unga. Ukianza na maji utapata uji mweusi, na zulia litakoma.

Nyufa za ndani usizibe kwa saruji tupu, moto ukikolea itapasuka tena. Fanya kama bibi zetu: udongo wa kichuguu na mchanga, acha ukauke taratibu siku kadhaa.

Sasa rangi. Matofali ya nje ambayo hayajawahi kupakwa kitu, chokaa inatosha. Koroga na maji, tia chumvi kiganja kimoja ili isichafue nguo za wageni, pakaa mikono miwili au mitatu. Kama yalishapakwa rangi ya mafuta, chokaa haitashika. Kwaruza kwa msasa, kisha kopo la lita 1 la rangi ya maji linatosha na kubaki. Ndani kwenye moto usipake rangi ya kawaida, itaungua na kunuka.

Malizia na ubao mmoja kwa seremala, upigwe msasa na vanishi, ukae juu ya mdomo wa meko kwa futi 1 au zaidi usije ukashika moto. Weka picha na kioo, basi. Kama dohani imeshindikana kabisa, usilie: panga humo vikapu vya Iringa au chungu cha maua. Nani atajua?

Ila hapa tusitaniane. Mwezi wa 6 na wa 7 baridi inapokolea, kuna wanaoingiza jiko la mkaa kwenye faya plesi iliyoziba, wanafunga madirisha na kulala. Huko ni kujichimbia kaburi. Mkaa uliokolea hauonyeshi moshi, ndiyo maana unadanganya watu, lakini unatoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, halafu usingizi usio na asubuhi. Ukisikia dalili hizo toka nje haraka, watoe na wenzako, nendeni hospitali.

Dohani ikiwa safi, choma kuni kavu zilizokaa miezi 6 au zaidi, na uzime moto kabla ya kulala. Kuni mbichi zitakurudishia masizi yote uliyosugua.

Haya, brashi mkononi, kazi kwako!