UZI: Ile asilimia mzazi ameachiwa, italipwa na nani?

1/ Kila kampeni utasikia: "Serikali inawasomesha watoto wenu chuo." Upande wa pili unajibu: "Mzigo wote umeachiwa mzazi." Kila mmoja ana nusu ya ukweli. Wacha tupige hesabu.

2/ Kwa mfumo ulioanza 2023, mwanafunzi wa chuo kikuu cha umma hupimwa uwezo wa familia, kisha anawekwa kwenye bendi. Ulipoanza, Bendi 1 ilikuwa ufadhili 70%, mkopo wa HELB 25%, familia 5%. Bendi 5 ilikuwa ufadhili 30%, mkopo 30%, familia 40%.

3/ Shida ni hii: hiyo ilikuwa asilimia ya gharama ya kozi. Bendi 3, familia ilipangiwa 20%. Tuseme kozi ni 200,000 kwa mwaka, utatafuta 40,000. Kozi ikiwa 500,000, ni 100,000. Bendi ni ileile, mfuko wa mzazi ni uleule.

4/ Na bado hatujagusa chakula na nyumba. HELB hutoa pesa ya matumizi, ndiyo, lakini hiyo pia ni mkopo.

5/ Pengo linazibwaje? Anza na rufaa. Kama bendi haifanani na hali ya kwenu, omba upimwe upya na uambatishe ushahidi: cheti cha kifo cha mzazi, barua ya kuachishwa kazi. Ukishushwa bendi, deni la familia linapungua kila mwaka, si muhula mmoja tu.

6/ Halafu basari: NG-CDF na kaunti. Omba zote, lakini usizitegemee pekee, ju hakuna kiwango maalum. Pia kumbuka Katiba, Jedwali la Nne: vyuo vikuu ni kazi ya serikali ya kitaifa. Ndiyo maana basari za kaunti huzua mvutano.

7/ Chuoni, uliza mapema kuhusu kulipa kwa awamu na kazi za wanafunzi. Usingoje wiki ya mtihani. Nyumbani kuna sacco, chama na harambee. Mkopo wa simu uwe wa mwisho kabisa: HELB ni riba ya 4% kwa mwaka, wa simu unaweza kupita hapo kwa mwezi mmoja.

8/ Kwa hivyo mwanasiasa akisema "elimu imelipiwa", muulize mambo mawili: asilimia ya familia itatoka wapi, na basari itafika kabla ya mtihani ama baada? Asipojibu hayo, hiyo ni siasa tu.