Kabla ya kuwapakia watoto, chungulia uvungu wa gari

Mzazi anaponunua gari lililokwisha kutumika hukagua injini, rangi na matairi. Mara chache huinama kutazama uvungu, ambako hupita vijibomba vya chuma vyembamba kuliko kalamu. Hivyo ndivyo vinavyopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu.

Dereva akikanyaga breki, mafuta hayo husukumwa kwa nguvu kubwa. Bomba lililoliwa na kutu linaweza kupasuka wakati huohuo, pale breki inapohitajika zaidi: mtoto anapokatiza barabara au bodaboda inapochomoka ghafla.

Katika miji ya pwani kama Tanga, Dar es Salaam na Mombasa, hewa ya chumvi huharakisha kutu. Tope linaloganda kwenye vishikizo vya bomba hutunza unyevu, na mara nyingi hapo ndipo chuma huanza kuoza. Magari mengine huja na kutu kutoka nchi za baridi, ambako chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu.

Dalili zipo. Pedali ya breki huzama kuliko kawaida, mafuta ya breki hushuka chini ya alama ya MIN, taa nyekundu ya breki huwaka, au matone huonekana chini ya gari. Ukiona hivyo, usiliwashe ili "kulifikisha gereji". Mwite fundi nyumbani.

Wengine hujipa moyo kwamba breki bado zinashika kidogo. Magari mengi yana njia mbili za mafuta ya breki. Moja ikipasuka, nyingine hubaki, lakini gari huchukua umbali mrefu zaidi kusimama.

Usikubali kiraka cha mpira na kibanio. Bomba libadilishwe, liwe la chuma kilichokingwa au la mchanganyiko wa shaba na nikeli usioshika kutu, kisha upepo utolewe kwenye breki. Mwambie fundi akague na mabomba mengine, kwani yamekula chumvi ya miaka ileile.

Gharama hiyo huuma, hasa mwezi wa ada. Fedha zikipelea, gari likae, watoto wapande daladala hadi zipatikane. Watachelewa kidogo, lakini watafika.